Mtu Aliyeshika Viatu Mkononi

“Mama Amondi, huyo mtu uliniambia jana amesimama nyuma yangu, alikuwa nani?”

Kathini aliuliza swali hilo asubuhi, pale kwenye mfereji wa maji wa ploti yao, Kibera, upande wa kuelekea Makina. Mtungi wake ulikuwa umeshajaa na maji yanamwagikia miguuni, lakini hakuufunga mfereji. Adero alinyoosha mgongo akamtazama. Walikuwa majirani kwa miaka kumi na sita, ukuta mmoja wa mabati kati yao. Mmoja akipiga chafya, mwingine anamwambia pole akiwa kitandani kwake.

“Mtu gani?” akauliza Adero.

“Si ni wewe ulisema! Jana saa nane mchana nimekuja kuchukua samaki. Ukaniangalia hapa juu ya bega, ukasema, Mama Kaveke, kuna mtu nyuma yako. Nikageuka, hakuna mtu. Nikakuangalia tena, wewe unageuza samaki kwa karai kama hujasema kitu.”

Adero hakukumbuka kumuuzia Kathini samaki. Saa nane ya jana haikuwepo kichwani mwake kabisa, kama ukurasa uliochanwa kwa daftari. Lakini hilo neno, nyuma yako, alilijua. Kuja kwa Kathini hakukukumbuka, ila yule mtu wa nyuma alimkumbuka vizuri.

Alikuwa mrefu. Alisimama wima, karibu sana, kama mtu anayengoja zamu yake. Uso haukuonekana, si kwamba ulifichwa, ila macho ya Adero yakifika pale yalikuwa yanateleza. Na miguuni hakuwa na viatu, kwa sababu alikuwa amevishika mkononi. Viatu vyeusi, kamba zimefungwa pamoja, vinaning’inia kwenye vidole viwili. Ni vile mtu hushika viatu akiingia nyumba ambayo watu wake wamelala.

“Labda nilikuwa naota, Mama Kaveke,” akasema.

“Ukiota huku unageuza samaki?”

Adero aliinama akaufunga ule mfereji.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa anakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki ambayo minofu yake huenda kwa matajiri na kichwa na mkia vikabaki kwetu, na hakuna aliyeikausha vizuri kama yeye. Kibanda chake kilikuwa kando ya njia, karai juu ya jiko, benchi moja, na rundo la magazeti ya kufungia. Watu walimpenda. Walimwona mama mpole asiyepiga kelele, asiyecheka ovyo.

Hawakujua ni kwa nini hakucheka.

Usingizi ulianza kumshika akiwa msichana wa miaka kumi na saba, kwao kule ziwani. Ulikuwa haubishi hodi. Alilala akipalilia, jembe mkononi. Alilala amesimama kwenye posho mill, kinu cha kusagia mahindi, unga wa watu ukamwagika wote. Alipoolewa na Osewe, mama mkwe alisema mbele ya wageni, “Mwanangu ameoa gunia.” Na usiku, ambapo ungefikiri mtu wa namna hiyo atalala kama jiwe, alikuwa akiamka mara tano, mara sita, anasikiliza mbwa.

Kisha kulikuwa na kucheka. Kichekesho kikimwingia sawasawa, magoti yake yalikuwa yanalegea, kidevu kinaanguka kifuani, na yeye anashuka chini polepole kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Hazimii. Anasikia kila kitu, mpaka inzi. Lakini hata kope hawezi kuinua. Dakika moja, mbili, halafu mwili unamrudia kutoka kwa vidole. Wakati mwingine kabla haujamrudia, usingizi humpitia hapo hapo. Basi Adero akajifunza kukaa mbali na watu wachekeshaji. Kwenye harusi aliketi nyuma, akitazama chini.

Osewe peke yake hakumcheka wala hakumlaumu. Alikuwa askari wa usiku kwenye geti moja la mtaa wa ghorofa wa Nyayo Highrise, na alikuwa akisema, “Katika hii nyumba mmoja anakesha na mmoja analala. Hatujakosa kitu.” Alikufa miaka kumi na moja iliyopita, kifua, na Adero akabaki na binti yao Amondi.

Ni baada ya kifo hicho ndipo alipoingia Kanisa la Roho wa Faraja, kule Kawangware. Alikuwa anavuka Ngong Road kwa miguu kila Jumapili, kanzu nyeupe imekunjwa ndani ya mfuko. Jumapili ya tatu ngoma zilipanda, wimbo ukamgusa mpaka akajisikia mwepesi, furaha ikamjaa, na magoti yakaenda. Alianguka katikati ya kanisa. Alingoja kusikia watu wakisema gunia.

Badala yake alisikia, “Amechukuliwa! Sifa kwa Bwana, amechukuliwa!”

Akina mama wakaleta shuka jeupe wakamfunika kutoka kichwani hadi vidole, kama ilivyo desturi yao, ili macho ya watu yasisumbue kile ambacho Roho anafanya. Wakaimba wakimzunguka. Chini ya shuka usingizi ukampitia kweli, na katika usingizi akanung’unika. Marion, karani wa kanisa, alikuwa amepiga magoti karibu na mdomo wake na daftari la kurasa mia mbili, akiandika kila neno.

Alipoamka walimpa chai ya kwanza, kabla ya wazee. Baba Lazarus, mchungaji, alimshika mikono yote miwili. “Dada Adero, Mungu amekupa karama ya maono.”

Fikiria mtu ambaye usingizi umekuwa aibu yake tangu usichana. Adero alilia. Akaamini. Kuna nani ambaye hangeamini?

Alikuwa na jambo moja tu ambalo hakumwambia mtu. Chini ya lile shuka aliogopa. Kitambaa kilikuwa kinamlowa puani kwa pumzi yake, kinaingia na kutoka, na wao wanaimba macho yamefumbwa, hakuna anayetazama kama kinaingia na kutoka. Alikuwa anajiuliza, siku moja nikikawia, ni nani ataangalia?

Yule mtu alianza kuja miaka miwili iliyopita. Alikuja mchana, jua kali, saa ambayo mafuta yanachemka na macho ya Adero yanakuwa mazito. Mara nyingine Adero alizinduka akakuta pakiti sita za samaki zimefungwa vizuri, zimepangwa kwenye benchi kwa mstari, na hakuna aliyeagiza. Mteja mmoja alimwambia, “Mama, jana umeniambia nimsalimie mama yangu. Si wewe ulikuja matanga yake?” Mikono yake ilikuwa inafanya kazi yeye hayupo, na mdomo nao.

Kisha ikatokea habari ya Mzee Opondo, muuza maji. Adero alimwambia kuna mtu nyuma yako. Siku tatu baadaye Opondo alikutwa amekufa kitini pake, redio inaongea. Marion, ambaye alikaa mtaa wa pili na alikuwa anapita kibandani kila siku, aliandika kwenye daftari: Dada Adero alimwona mtu nyuma ya Mzee Opondo, na ikawa. Jumapili ikasomwa. Kuanzia siku hiyo wateja walianza kununua samaki wakiwa wamesimama kando, migongo kwenye ukuta.

Sasa ilikuwa zamu ya Kathini.

Ungejua Kathini alikuwa katika hali gani ndipo ungeelewa uzito wa hilo neno. Alikuwa fundi wa nguo pale Makina, anashona sare za shule, na ni yeye aliyeshona kanzu nyeupe za kanisa la Adero ingawa hakuwa muumini wa huko. Shingoni alikuwa na uvimbe. Ulianza kama yai la kuku, ukakua, na sasa ulikuwa kama ngumi ya mwanamume, unabana njia ya pumzi. Akilala chali alikuwa anakabwa. Mwaka wa pili huo alikuwa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na kila akisinzia pumzi inakatika, anashtuka, anaanza upya. Ukuta ukiwa mabati, Adero alisikia yote. Mmoja usingizi ulimkimbia, na mwingine ulimfukuza mpaka kazini.

Hospitali kubwa walikuwa wamempa Kathini tarehe ya upasuaji baada ya kungoja miezi minane. Jumatano ya wiki iliyofuata. Daktari alimwambia wazi kwamba uvimbe ukiachwa, kuna siku njia ya pumzi itafunga kabisa. Na akikosa tarehe hiyo, anarudi mwisho wa foleni.

Siku mbili baada ya lile swali la mferejini, Adero alimkuta amekaa mlangoni, barua ya hospitali imekunjwa mara nne chini ya mashine ya kushona.

“Umeshapanga vitu vya kubeba?”

“Siendi.” Sauti ya Kathini ilikuwa inatoka nyembamba, na hewa nyingi ndani yake. “Marion amenipitia. Amesema imeandikwa. Mimi nilale kwa meza ya watu, wanipige dawa ya usingizi, na huyo mtu amesimama nyuma? Nitaamka mimi? Mzee Opondo aliamka?”

“Mama Kaveke...”

“Wacha. Sikulaumu. Wewe unaonyeshwa tu. Nikifa, nife nimekaa kwa nyumba yangu.”

Adero alirudi kibandani. Akawasha jiko, akaweka mafuta, akaanza kuomba kimya kimya, Bwana nionyeshe la kufanya, na katikati ya sala macho yakamsaliti. Aliona kibanda, aliona njia, aliona yule mtu anakuja safari hii akiwa peke yake, hayupo nyuma ya yeyote, viatu vinaning’inia, hatua haina sauti. Kisha akasikia mtu analia. Ni yeye. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya karai mpaka karibu na kiwiko.

Amondi alikuwa anafagia na kupiga deki kwenye kliniki moja ndogo Kawangware. Alipopigiwa simu alikuja na boda boda mbio, akambeba mama yake hadi huko. Aliyemfunga mkono ni mtu wa makamo aitwaye Shivachi, mwenye sauti ya taratibu, ambaye watu wa pale walimwita dokta. Alisafisha kidonda bila haraka. Akauliza ilikuwaje mtu atie mkono kwa mafuta yanayochemka.

“Amelala,” akasema Amondi. “Huyu mama hulala. Hata saa hii usipomwongelesha atalala.”

“Mwanangu, nyamaza,” akasema Adero.

Shivachi aliweka bandeji chini. Akauliza kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kumwuliza tangu azaliwe.

“Mama, ukicheka sana, magoti yako yanafanya nini?”

Aliona kama mtu amefungua sanduku lake la nguo za ndani. “Nani amekuambia?”

“Hakuna. Nauliza tu.”

Basi akasema. Alisema yote, jembe, unga, harusi, kuamka usiku, pakiti za samaki zilizojifunga. Alipofika kwa yule mtu mrefu alishusha sauti, na habari ya viatu akaimeza. Hiyo aliiona ni yake na Mungu.

Shivachi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Kuna ugonjwa wa usingizi unaitwa narkolepsi. Mimi si wa kukuapia hapa, itabidi nikuandikie barua uende kwa daktari wa mishipa ya fahamu, wakupime ukiwa umelala. Lakini unayoniambia ni huo, karibu neno kwa neno. Ubongo unashindwa kufunga mlango kati ya kulala na kuwa macho. Watu wengine, ndoto hungoja walale kwanza. Yako haingoji. Unaiona ukiwa bado umesimama.”

“Na Mzee Opondo?”

“Alikuwa na miaka mingapi?”

“Themanini na kitu. Na presha.”

Shivachi aliichukua tena bandeji. “Huyo mtu umemwona nyuma ya watu wangapi, mama?”

Adero alianza kufikiria. Msichana wa chapati. Yule kijana wa mitumba. Mke wa landlord. Amondi mwenyewe, mara mbili, na hakuthubutu kumwambia. “Wengi.”

“Wote wamekufa?”

“La. Wako.”

“Sasa hao ndio hakuna mtu aliwaandika kwa daftari.”

Adero aliinamisha kichwa. Hakujua kama anasikia nafuu au msiba. Miaka hiyo yote kanisani, chai ya kwanza, mikono yake kushikwa. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa kanzu mbele ya watu.

Shivachi alimwambia dawa zipo lakini kuzipata ni kazi, na zisubiri huyo daktari mwingine. Kwa sasa alale kwa makusudi, mara mbili mchana, dakika ishirini, kabla usingizi haujamjia wenyewe. Na moto asiukaribie peke yake.

Ijumaa Adero aliketi na Kathini akamweleza. Kathini alisikiliza, mkono shingoni.

“Unasema hivyo kunipa moyo.”

“Nasema kweli ya Mungu.”

“Lakini imeandikwa, Mama Amondi. Kitabu husomwa mbele ya watu. Wewe mmoja huku kwangu unaniambia ni ugonjwa, kule wanasema ni Roho. Nimwamini nani, na ni shingo yangu?” Alivuta pumzi, ikapita kwa mluzi. “Kama ni ugonjwa, uende useme huko huko, mbele ya hicho kitabu. Nikikusikia ukisema huko, nitaenda hospitali.”

Usiku wa Jumamosi Adero hakulala vizuri, lakini hilo halikuwa jipya. Jumapili walivuka Ngong Road pamoja, wakipumzika kila mara ili Kathini apate hewa. Kanisani Kathini alikaa benchi la mwisho, gauni lake la maua katikati ya kanzu alizozishona mwenyewe. Wakati wa ushuhuda ulipofika, Adero alisimama.

“Bwana asifiwe.”

“Amen!”

“Mimi ni mgonjwa,” akasema. “Nimekuwa mgonjwa tangu usichana na sikujua. Mkiniona nikianguka hapa, nashikwa na usingizi. Nikisema maneno, ni ndoto. Naomba Marion afute yale ya Mama Kaveke. Aende akatibiwe.”

Juu yao mabati yalialika kwa jua. Marion alikumbatia daftari kifuani. Baba Lazarus alikuja mbele polepole. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumizwa.

“Dada Adero, mbona unaikana karama? Umeogopa kitu? Huyo mtu unayemwona, hebu tuambie leo, yukoje?”

Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo pia. Adero alitazama sakafu. “Ni mrefu. Uso wake siuoni. Hana viatu miguuni. Amevishika mkononi, vyeusi, kamba zimefungwa pamoja.”

Huko nyuma benchi lililia. Kathini alikuwa amesimama.

“Amevishika kwa vidole viwili? Hivi?”

Adero aligeuka. Kathini alikuwa ameinua mkono, vidole viwili vimekunjwa kama ndoano, sawasawa na vile.

“Umejuaje?”

“Huyo ni Baba Amondi!” Sauti yake ilikwaruza, akakohoa, akaendelea. “Ni marehemu Osewe! Mimi si nilikuwa naamka mapema kuchota maji? Kila siku saa kumi na mbili alfajiri, akitoka kazi, anavua viatu pale getini, anafunga kamba, anapita na soksi mpaka kwa mlango wake. Nikamwuliza siku moja, Baba Amondi, unaiba wapi? Akaniambia, nisiwaamshe.”

Adero hakuwahi kuona hilo hata siku moja. Osewe akiingia kila alfajiri, yeye alikuwa amelala. Asubuhi alivikuta viatu chini ya kitanda, basi. Jinsi macho yake yalivyoweza kuota kitu ambacho hayakuwahi kukiona, hilo Shivachi hakulieleza, na Adero hakurudi kumwuliza.

Watu walianza kunong’ona. Marehemu anatembea mchana. Baba Lazarus alifungua mdomo, labda aite maombi, lakini Kathini alikuwa bado amesimama, mkono uko vile vile hewani.

“Sasa kama ni yeye amesimama nyuma yangu,” akasema, “huyo hakuwahi kumtisha mtu, alikuwa anataka watu walale! Na mimi mwaka wa pili silali! Baba Amondi, kama uko hapo nyuma, bwana, niachie hata lisaa limoja! Na uvae viatu, sakafu ya kanisa ni baridi!”

Mtu mmoja aliguna. Kisha mwingine. Kisha kanisa zima likapasuka kwa kicheko, wazee, wapiga ngoma, hata Marion nyuma ya daftari lake. Na Adero, aliyekaa miaka arobaini akitazama chini kwenye harusi za watu, alimwona Osewe akikaripiwa na Kathini na soksi zake miguuni, na kikamwingia sawasawa. Alicheka kwa sauti.

Magoti yakaenda.

Alisikia mwili wake ukifika sakafuni. Alisikia kicheko kikikatika. “Amechukuliwa!” mtu akasema. “Amekufa!” akasema mwingine, “marehemu amekuja kumchukua!” Miguu ikakimbia. Shuka lilishuka juu yake, kifua, shingo, uso. Mwanga ukawa mweupe, halafu wa kijivu. Wakaanza kuimba, na wimbo haukuwa wa sifa, ulikuwa ule wa kuaga.

Kitambaa kilimshika puani. Alijaribu kusema. Ulimi ulikuwa wa mtu mwingine. Na upande wa miguu yake, ndani ya ule ukijivu, alimwona amesimama. Mrefu. Safari hii hakuwa nyuma ya mtu. Alikuwa amekuja kwake. Alisimama pale muda mrefu, akiinamisha kichwa kama anayesikiliza kama watu wa nyumba wamelala. Kisha akachutama, na kwa uangalifu wote, bila sauti, akaviweka viatu chini.

“Mfunueni!”

Sauti nyembamba, yenye mluzi. Shuka lilivutwa kwa nguvu na mwanga ukamwingia machoni. Uso wa Kathini ulikuwa juu yake, jasho tupu.

“Mfunueni uso, mnamziba pumzi! Hebu angalieni kitambaa, si kimelowa? Maiti hupumua? Ni mimi nimemchekesha! Roho Mtakatifu angeangusha mtu kwa upuzi wangu mimi?”

Baba Lazarus alipiga magoti, akaweka kiganja karibu na pua ya Adero, akakiacha pale. Machozi yalikuwa yanamtoka. “Anapumua,” akasema. “Dada, kumbe siku zote ulikuwa unapumua namna hii, na sisi tumefumba macho.”

Vidole vya Adero vilianza kumrudia.

Jumatano Kathini alikwenda hospitali, Amondi amembebea mfuko. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni kwa Adero, akageuza shingo yake nene kadiri ilivyoweza kugeuka, akatazama nyuma yake mwenyewe. “Twende basi,” akasema, na Adero hakujua alikuwa anamwambia Amondi au nani. Siku ya nane alirudi na kitambaa shingoni na sauti kama ya chura. Jioni hiyo Adero alisikia upande wa pili wa mabati mito ikitupwa sakafuni mmoja mmoja, kitanda kikilia, halafu kimya. Alingoja ile pumzi ikatike. Haikukatika. Baadaye kidogo Kathini alianza kukoroma, na Adero akakaa gizani akisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

Sasa Kathini akitoka kushona humsaidia kukaanga, yeye ndiye anashika karai, na Adero anafunga. Mara mbili kwa siku Adero hulala kwa makusudi kwenye benchi, mgongo kwenye ukuta, na wateja hupita polepole. Daktari wa ile barua anamngoja mwezi ujao. Yule mtu bado huja. Hana kitu mkononi.

Jumapili moja baada ya Kathini kurudi, Marion alimkalisha Adero nje ya kanisa, akafungua daftari la maono kwenye ukurasa mpya. Yale ya Kathini alikuwa ameshayakata kwa mstari mwekundu. Baba Lazarus alikuwa amemwagiza aandike kitu kimoja ambacho dada Adero atakisema akiwa macho, kisomwe kwa kanisa lote na kwa majirani wa ploti. Marion alilamba ncha ya kalamu.

“Haya mama, niandike nini?”

Adero alifikiria kidogo, mkono wake wenye kovu juu ya goti.

“Andika hivi. Mkiniona nimeanguka, msinifunike uso. Nitoeni karibu na moto, mnilaze kwa ubavu, na mningoje. Nawasikia.”